Kwa Fundi wa Kofia Anayezirai Akitolewa Damu

Swali: Asalamu alaikum, dada mshauri. Mimi ni mtu wa Lamu, mtaa wa Langoni, umri wangu ni miaka 41 na kazi yangu ni kushona kofia. Mwaka juzi nilipimwa nikaambiwa nina ugonjwa wa sukari. Siku ya kutolewa damu mkononi nilianguka, nikazindukana nimelala sakafuni, watu wamenizunguka na mmoja wao anacheka. Tangu siku hiyo vidonge nameza, lakini kupima sijarudi. Daktari ataka ile damu ya miezi mitatu, na amenitajia kwamba huenda siku moja nikahitaji insulini. Nikiikaribia maabara, miguu hulegea. Jirani asema nina jini asiyependa damu, na marehemu babangu naye alikuwa hivi hivi. Sasa binti yangu wa miaka 10 ameambiwa atadungwa chanjo, naye ameanza kulia usiku. Mimi sindano naishika tangu asubuhi hadi magharibi. Mbona hii ya hospitali yanishinda?

Jibu: Waalaikum salam, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mahali nilipokwama si pale ulipoanguka bali ni pale uliposema kuna aliyecheka. Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Malindi kwa miaka mingi kabla sijaingia katika ushauri nasaha, na walioihama hospitali kwa sababu ya kicheko kama hicho nimewaona ni wengi kuliko walioihama kwa sababu ya sindano yenyewe. Aliyecheka hakujua alichokuwa akikitazama. Kilichokupata ni jambo la mwili, lina maelezo yake na lina tiba yake, na tiba hiyo haimshindi mtu mwenye subira ya kukaa na kofia moja majuma kwa majuma mpaka ikamilike.

Hofu nyingi tulizo nazo, iwe ni ya nyoka, ya giza au ya bahari iliyochafuka, huutia moyo mbio na kuipandisha presha, nayo hubaki juu mpaka hatari ipite. Mwenye hofu hizo hutetemeka, hupiga kelele, hukimbia, lakini ni nadra kuzirai, kwa sababu damu yake inasukumwa kwa nguvu. Hofu ya damu na sindano ina tabia ya peke yake. Mwanzoni moyo huenda mbio kama katika hofu nyingine, kisha ghafla mambo hugeuka: neva ndefu iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni, huupunguza mwendo wa moyo, na papo hapo mishipa ya damu ya miguuni na tumboni hutanuka, damu ikatuama chini na ubongo ukabaki na damu haba. Hapo ndipo mtu hutokwa na kijasho chembamba cha baridi, kichefuchefu kikamjia, masikio yakavuma, macho yakaingia kiza, na asipolala mwenyewe huanguka. Akishalala chali, kichwa na moyo huwa usawa mmoja, damu huufikia ubongo, na mara nyingi huzindukana kabla ya dakika moja kwisha.

Hofu hii ikifikia kiwango cha kumzuia mtu asitibiwe, huhesabiwa kuwa ni maradhi kamili, nayo huwapata kiasi cha watu 3 hadi 4 katika kila 100. Wengi wao, karibu robo tatu, wamewahi kuzirai kama wewe. Tena hufuata damu ya ukoo kuliko hofu nyingine nyingi, kwa hiyo uliponiambia kuwa marehemu babako alikuwa hivyo hivyo sikushangaa hata kidogo. Amekurithisha neva iliyo nyepesi kuitikia, na neva hiyo haipimi uanaume wa mtu. Nimewaona wavuvi wa Ngomeni ambao humpasua papa ufukweni bila kukunja uso na hujing'oa ndoana kidoleni wenyewe, wakafika kwenye kiti cha maabara wakasawijika kabla pamba haijawagusa ngozi.

Kuhusu jini, sitaingilia imani ya jirani yako, na kusoma dua kabla ya kutoka nyumbani kunatuliza moyo. Ninalokuomba ni kwamba maneno hayo yasiwe sababu ya kungoja. Presha ikishuka kwa dakika moja na kurudi mtu akilazwa chini, hiyo ni kazi ya neva na mishipa niliyokueleza, na inaweza kuzuiwa kwa misuli yako mwenyewe.

Sasa nikujibu kuhusu sindano ya kofia. Hiyo iko katika vidole vyako. Wajua itaingia kitobo gani na itatokea wapi, na ikikuteleza ikakudunga, wanyonya lile tone la damu, wafuta kidole usije ukalichafua lasi, kazi yaendelea. Sindano ya maabara iko mkononi mwa mtu usiyemjua, mkono wako umekazwa mpira, umeambiwa usitikisike, na wakati wa kuingia kwake hauujui. Ni chuma kile kile, lakini katika sindano ya kwanza wewe ndiwe fundi na katika ya pili wewe ndiwe kitambaa. Kwa hiyo sehemu ya tiba yako ni kukurudishia ufundi, nami nitalirudia jambo hili tukifika siku ya kupima.

Bila shaka watu wamekushauri: tulia, legeza mwili, vuta pumzi, tazama pembeni. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na kwa mtu ambaye hofu yake ni ya kutetemeka tu humfaa sana. Kwa anayezirai, kuulegeza mwili ni kuisaidia presha ishuke. Wewe wahitaji kinyume chake, yaani kuukaza. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, na wenzake waliijaribu njia ya kuwafundisha watu wenye hofu ya damu kukaza misuli yao mikubwa kwa makusudi, kwa sababu misuli ikikazwa huisukuma damu irudi juu na kuizuia presha isianguke. Njia hiyo imedumu kwa sababu inafanya kazi, na kati ya yote ninayokuandikia, hili ndilo ningependa ulishike hata ukiyasahau mengine.

Zoezi lenyewe ni hili. Kaa kwenye kiti imara, nyayo zote mbili zikiwa chini. Kunja ngumi, kaza mikono, kaza tumbo, kaza makalio na mapaja, kandamiza nyayo sakafuni kana kwamba wataka kuinuka lakini usiinuke. Shikilia hivyo kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi joto likipanda usoni, kwa maana joto hilo ndilo ishara kwamba damu imefika unakoitaka. Kisha achilia, lakini usijitupe kitini kama aliyechoka, bali rudi katika hali yako ya kawaida tu, ukae hivyo sekunde 20 hadi 30, kisha ukaze tena. Ifanye mizunguko mitano. Wakati wote endelea kupumua, kwa sababu wengi hujisahau wakaibana pumzi, na hilo laharibu zoezi. Ukimaliza na kichwa kinakuuma, ujue umekaza mno, siku ya pili upunguze. Mizunguko hiyo mitano hufanywa mara tano kwa siku kwa muda wa juma zima, na kwa mtu kama wewe hesabu hiyo ni rahisi kuikumbuka: kila baada ya swala ya faradhi, kabla hujatoka msikitini au kabla hujarudi barazani kwenye kofia yako, kaa mahali ufanye mizunguko yako mitano. Baada ya siku saba utakuwa umeufundisha mwili jambo ambalo utaweza kulifanya bila kufikiri.

Kabla ya kuanza, kuna hadhari mbili ambazo sitaki uzipuuze. Wenye sukari wengi wana presha ya juu pia, kwa hiyo pitia kwanza kituo cha afya chochote upimwe presha, kipimo ambacho ni mkanda wa kufungwa mkononi na hakina sindano, umweleze mhudumu zoezi unalotaka kulifanya. Na ikiwa umewahi kuambiwa kuwa macho yako yameathiriwa na sukari au moyo wako una tatizo, usianze mpaka daktari akuruhusu.

Vilevile usiutie kila uzirai katika kapu hili. Ukianguka mahali ambapo hapana damu wala sindano, au ukiwa unatembea kwa kasi au unanyanyua mzigo, au kifua kikikuuma kabla ya kuanguka, hilo ni jambo jingine na lataka daktari upesi. Kama katika vidonge vyako mna glibenklamidi, dawa hiyo huweza kuishusha sukari kupita kiasi ukiimeza bila kula, na dalili zake, yaani jasho la baridi, kutetemeka, njaa kali na akili kuchanganyikiwa, hufanana na za kuzirai. Tofauti ni kwamba kulala chali hakuziondoi, na dawa yake ni kupewa kitu chenye sukari mara moja.

Juma la mazoezi likiisha, ndipo tuikaribie sindano, na tuikaribie kwa ngazi. Kuikwepa kila mara ndiko kulikoifanya hofu ikue miaka hii miwili, kwa sababu kila ulipogeuka njiani ulipata nafuu ya haraka, na mwili ukajifunza kwamba nafuu inatokana na kukimbia. Tunachotaka sasa ni mwili ujifunze kwamba hofu hushuka yenyewe ukikaa nayo. Kwa hiyo katika kila ngazi utabaki pale pale mpaka hofu ipungue walau nusu, nawe utaipima kwa nambari tangu 0 hadi 10. Ikiwa ilikuwa 8, usiondoke mpaka iwe 4, na ngazi ile ile uirudie kesho na kesho kutwa mpaka ikuchoshe. Dalili za kizunguzungu zikikujia, kaza misuli kama ulivyojifunza.

Ngazi yako ya kwanza nadhani isiwe sindano kabisa, bali iwe harufu. Watu wengi wa aina yako huanza kulegea kwenye mlango wa hospitali, kabla hawajaona chochote, kwa sababu pua imekumbuka spiriti. Nunua kichupa cha spiriti na pamba kwenye duka la dawa, uketi nyumbani, mkeo akiwepo, uinuse pamba, kisha uipake kwenye kiwiko upande wa ndani, uusikie ule ubaridi wake unavyokauka. Ngazi inayofuata ni bomba la sindano, ambalo katika duka hilo hilo hupatikana kwa bei ndogo. Siku ya kwanza liweke mezani katika karatasi yake, ule chakula nalo likiwa hapo. Siku nyingine lifungue, ulishike, uvute maji na kuyatoa bila sindano. Wewe ni mtu wa vidole, na nina hakika vidole vyako vitalizoea kabla ya macho yako. Kisha uliweke kiwikoni likiwa na kifuniko chake, kwanza kwa mkono wako mwenyewe, kisha kwa mkono wa mkeo, na hapo utaona jinsi nambari inavyopanda kwa sababu tu mkono umebadilika. Ngazi hiyo ipe siku nyingi, kwa sababu ndipo palipo na kiini cha hofu yako. Usijidunge wala usimruhusu mtu wa nyumbani akudunge, na watoto wasiachiwe vitu hivyo.

Baada ya hapo toka nje ya nyumba. Enda mpaka karibu na maabara, uketi kwenye benchi ukiwaona watu wanavyoingia na kutoka na pamba zao mikononi. Siku nyingine zungumza na mtaalamu wa maabara wakati hapana foleni, umwombe akukalishe kwenye kiti, akufunge mpira, akupake spiriti, kisha akufungue bila kukudunga. Ombi hilo waweza kuliona la ajabu, lakini mimi nimeombwa mara nyingi na sikuwahi kukataa, na wahudumu wengi ukiwaeleza sababu watafurahi, kwa kuwa mgonjwa anayeanguka kitini huwapa shida kubwa kuliko dakika tano za kumzoesha. Ukikutana na asiyetaka kukusikiliza, mwache, muulizie mwingine. Kisha upimwe sukari ya kidoleni, na uombe kitone kichukuliwe ubavuni mwa kidole badala ya kwenye ncha, kwa sababu ubavuni hapaumi sana, nawe ncha za vidole ndizo riziki yako. Ukizipanda ngazi hizi zote, kwa wengi ni kazi ya majuma matatu au manne, ndipo siku ya damu ya mkononi itakapofika.

Kipimo ambacho daktari wako anakitaka ni cha sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi kiasi cha siku 120, ndiyo maana kipimo hicho huonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili mitatu iliyopita, wakati cha kidoleni huonyesha cha saa ile tu. Wewe umemeza vidonge miaka miwili bila ya mtu yeyote kujua kama vinatosha, na sukari huyaharibu macho, figo na nyayo taratibu bila kuuma. Sikuambii hayo kukutisha, bali kwa sababu nahisi hukuelezwa vya kutosha mpaka ukaona kipimo ni jambo la kujaza kadi. Kuna habari njema pia: kipimo hicho hakihitaji kufunga. Muulize daktari kama ameandika vipimo vingine vinavyotaka tumbo tupu, na kama havipo, kula kifungua kinywa chako kama kawaida. Njaa na upungufu wa maji humfanya mtu azirai upesi zaidi, na joto la kwetu nalo huchangia. Wapo wanaotafuna miraa usiku kucha ili waamke na ujasiri, kisha hufika maabara hawajala, hawajalala na moyo unawaenda mbio, na hao ndio huanguka wa kwanza.

Huenda ukauliza dawa ya ganzi ya kupaka. Ipo, ni mchanganyiko wa lignokaini na prilokaini, hupakwa saa nzima kabla ya kudungwa na kufunikwa, ingawa si kila duka la dawa linayo. Huondoa maumivu, lakini haizuii presha kushuka, na katika barua yako yote hukulitaja neno maumivu hata mara moja. Kwako wewe haina kazi kubwa. Dawa za usingizi na za kutuliza nazo usizimeze kwa shauri la mtu wa barazani.

Binti yako ana haki ya sehemu yake katika jibu hili. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini Kenya mwezi wa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na nadhani ndiyo anayosubiri. Hudungwa sehemu ya juu ya mkono, ni sekunde chache, na huikinga afya yake kwa maisha ya mbele. Mwambie ukweli siku moja kabla, si mwezi mmoja kabla na si mlangoni: kwamba itamfinya, kwamba itakwisha kabla hajahesabu hadi tano, kwamba mkono huenda ukamuuma kidogo hadi kesho yake. Ukimwambia haiumi kabisa, atajua umemdanganya, na safari ijayo hatakuamini. Mpe cha kuamua, kama vile mkono upi utadungwa na kama atatazama au atatazama pembeni, kisha apulize pumzi ndefu kama anayepoza chai wakati sindano inaingia. Akae wima, mkono ukiwa umelegea, na baadaye asubiri pale pale kwa dakika 15.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo sisi wote wa pwani tumelikosea, nami pia nililisikia utotoni. Mtoto akikataa kula au akilia usiku, huambiwa, "Nyamaza, nitakupeleka hospitali ukadungwe sindano." Tunamfundisha kwamba sindano ni adhabu, kisha akiugua tunamtaka aende kwa hiari. Kama maneno hayo yasemwa nyumbani kwako, yakomeshe leo. Na wewe mwenyewe, mpaka utakapomaliza ngazi zako, usiwe ndiye wa kumsindikiza. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla ya kusikia neno lake, na uso wako kwa sasa utamwambia kuna hatari. Aende na mamake au shangazi yake. Kama ameirithi ile neva yenu, mwombeeni adungwe akiwa amelala, na mfundishe zoezi la kukaza miguu kama mchezo. Wewe na yeye mkilifanya pamoja jioni, nadhani kilio cha usiku kitapungua.

Kuhusu insulini sitasema mengi, kwa sababu bado hujaandikiwa na huenda usiandikiwe kamwe. Jua tu kwamba haiingizwi katika mshipa na haitoi damu kwenye bomba, bali hudungwa chini ya ngozi ya tumbo au paja. Zipo sindano za kalamu ya insulini zenye urefu wa milimita 4, fupi kuliko punje ya mchele wa pishori, nyembamba kuliko nyingi unazozishonea, ingawa zile za bomba la kawaida huwa ndefu kiasi. Tena hapo mwenye kuishika utakuwa wewe mwenyewe. Kwa fundi kama wewe, naamini hilo litakuwa jepesi kuliko kutolewa damu.

Sasa siku yenyewe. Enda asubuhi mapema kabla ya jua kuwa kali na kabla foleni haijawa ndefu, pamoja na mtu mmoja unayemwamini asiyekuwa na maneno mengi. Nusu saa kabla, kunywa maji kiasi cha nusu lita, kwa sababu maji nayo huisaidia presha isishuke. Ukiingia, sema maneno haya bila kuona haya, na uyaseme kabla hujaketi: "Mimi huzirai nikitolewa damu. Naomba nilale kitandani. Nikisema ngoja, naomba ungoje, na nikiwa tayari nitakwambia." Hapo ndipo ule ufundi unarudi kwako, kwa sababu wewe ndiye unayetoa ruhusa. Omba pia uone sindano mpya ikifunguliwa mbele yako, jambo ambalo ni haki ya kila mgonjwa. Kama kutazama kwakutia nguvu, tazama, na kama hakukutii, usitazame, kwa maana hapana sheria katika hilo.

Ukiwa umelala, anza kukaza mapaja, makalio, tumbo na ule mkono mwingine. Mkono wa kutolewa damu uache umelegea kabisa, kwa sababu msuli uliokazwa hufanya sindano iume zaidi na humpa mtaalamu kazi ya kuutafuta mshipa. Watu wengi hili huwatatiza siku ya kwanza, kwa hiyo lifanyie mazoezi nyumbani: mwili wote umekazwa, mkono mmoja umelala kama wa mtoto aliyesinzia. Damu itakayotolewa ni mililita chache, haijai kijiko cha chai, na mwilini mwako mna kiasi cha lita 5. Wanaojitolea damu hutoa mililita 450 kwa mara moja na wakarudi kazini siku hiyo hiyo.

Sindano ikitoka, bonyeza pamba kwa dakika mbili tatu mkono ukiwa umenyooka, usiukunje kiwiko, ili usibaki na alama nyeusi. Endelea kukaza miguu mara mbili tatu, kwa sababu wapo wanaoanguka baada ya kila kitu kwisha, wanapoinuka kwa furaha ya kumaliza. Lala dakika 10, kisha keti ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, kisha simama ukishika kitu. Hata ukizirai tena, damu itakuwa imekwisha kuchukuliwa, nawe utakuwa umelala tayari, mahali ambapo hapana pa kuanguka. Wakuinue miguu, wakungoje, na majibu yako yatatoka vile vile. Ukitoka, keti kivulini kwa nusu saa, unywe kitu, kisha rudi Langoni kwa miguu polepole ukiwa na mwenzio.